Spika ya gari ikinuka kuungua, usingoje pua izoee

Msomaji, huenda jambo hili limewahi kukupata ndani ya matatu ya kutoka mjini kuelekea Olympic au Ayany. Umelipa nauli, umekaa kiti cha nyuma, mziki unagonga mpaka kifua kinatetemeka. Mara pua inakutana na harufu ya ajabu. Si moshi wa dizeli wala vumbi la barabara, bali harufu kali kama ya plastiki au rangi iliyotiwa motoni. Unamwuliza makanga, naye anacheka: "Hiyo ni kawaida, ni wufa imeshika joto tu." Baada ya dakika chache hata wewe huisikii tena. Unashuka Kianda ukiamini kwamba yamekwisha.

Hayajakwisha. Kilichokwisha ni uwezo wa pua yako kuitambua harufu ile. Waya au spika iliyokuwa ikiungua bado inaungua, na walio ndani ya gari wanaendelea kuivuta hewa yake.

Huenda ukajiuliza daktari anatafuta nini kwenye spika za magari. Jibu ni kwamba spika hizi ni sehemu ya maisha ya wagonjwa wetu. Kianda, upande wa magharibi wa Kibera, ni mtaa wa watu wengi wanaopata riziki yao barabarani: madereva, makanga, wapiga debe, waosha magari na mafundi. Tangu mwaka 2014, Rais Uhuru Kenyatta alipoondoa marufuku ya michoro kwenye matatu, ushindani wa rangi, taa na mziki umepamba moto, na abiria vijana huchagua gari kwa kusikiliza besi. Isitoshe, spika hizo hazibaki barabarani. Zikichoka hung'olewa zikauzwa, na huishia kwa kinyozi, kwenye ukumbi wa video au chumbani mwa kijana, zikiendeshwa kwa betri ya gari. Kwa hivyo swali la harufu ya kuungua linamhusu hata yule asiye na gari.

Pua huchoka kabla ya moto

Ndani ya pua, juu kabisa karibu na mahali macho yanapokutana, kuna chembechembe za mishipa ya fahamu zinazotambua harufu. Chembechembe hizi zimeumbwa kutangaza mabadiliko. Harufu mpya ikiingia, hupiga kelele. Harufu ile ile ikiendelea kwa dakika kadhaa, hunyamaza, na ubongo nao huacha kuisikiliza. Ndiyo maana mwuza samaki haisikii harufu ya samaki wake, na mgeni ndiye anayetambua kwamba nyumba yako inanuka mafuta ya taa.

Sasa mfikirie dereva aliyekaa ndani ya gari tangu alfajiri, au makanga ambaye siku nzima amevuta moshi wa magari mlangoni. Pua zao zimechoka. Kama wanavuta sigara au wana mafua, hali ni mbaya zaidi. Tena tangu mwaka 2020 wako watu ambao ugonjwa wa Korona uliwaharibia uwezo wa kunusa, na baadhi yao haujarudi sawasawa. Mtu wa aina hii akisema "mimi sisikii kitu," anasema kweli, lakini neno lake si ushahidi kwamba hakuna kitu.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: mwamini aliyepanda sasa hivi. Abiria mpya akisema gari linanuka kuungua, huyo ndiye mwenye pua nzima kuliko nyote mliomo. Dereva mwenye gari lake mwenyewe naye ashuke, atembee nje kwa dakika tano hivi, kisha afungue mlango na kunusa upya.

Harufu inatoka wapi?

Ili tuelewane, tuitazame spika kidogo. Nyuma ya ile karatasi pana inayopanda na kushuka kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye kigingi na kugandishwa kwa gundi. Waya huo umepakwa vanishi ili mizunguko yake isigusane. Umeme ukipita, koili husukumwa na sumaku mbele na nyuma, nasi tunasikia mziki. Lakini spika ni mfanyakazi mvivu ajabu. Sehemu ndogo sana ya umeme unaoingia ndiyo inayogeuka sauti. Karibu wote uliobaki hugeuka joto. Koili hupozwa na ile hewa inayosukumwa inapocheza. Ikizidiwa, vanishi na gundi huanza kuungua, na hiyo ndiyo harufu ya kwanza.

Harufu hazifanani, na kila moja ina ujumbe wake:

Harufu kali ya vanishi au gundi, inayozidi unapoinama karibu na sanduku la spika, huonyesha kwamba koili imezidiwa na joto. Ukipunguza sauti mapema huenda ikanusurika.

Harufu ya plastiki au mpira unaoyeyuka hutoka kwenye nyaya. Hii ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu nyaya hupita chini ya zulia na viti, mahali ambapo moto una chakula na hakuna anayeuona.

Harufu kali inayofanana na ya samaki mara nyingi hutoka kwenye plastiki ya viungio vya umeme au vipuri vya ndani ya amplifaya vilivyopata joto kupita kiasi.

Harufu ya mayai yaliyooza ni ya betri inayochemka. Gesi inayotoka hapo inaweza kulipuka kwa cheche moja. Usivute sigara karibu, wala usiitikise betri.

Aidha, si kila harufu ya kuungua ndani ya gari ni ya mziki. Breki zilizoshikana, klachi inayoteleza, na mafuta ya injini yanayodondokea bomba la moshi, vyote hunuka. Zima mziki kabisa na uendelee kwa mwendo mfupi. Harufu ikifuata mlima, msongamano na breki, mtafute makanika. Ikifuata mziki, endelea kusoma.

Zima kwanza, tafuta baadaye

Kosa kubwa ninalosikia likisimuliwa ni la mtu kuanza kutafuta kinachoungua huku mziki ukilia. Fuata mpango huu.

Kwanza, zima mziki papo hapo. Usipunguze tu, zima. Amplifaya huendelea kupata umeme wa betri hata redio ikinyamaza, kwa hivyo hatua hii peke yake haitoshi.

Pili, simamisha gari pembeni, zima injini, fungua milango na uwashushe abiria wote. Wasimame mbali na gari, si kulizunguka kutazama. Watoto, wajawazito na wenye pumu watangulie.

Tatu, kama hakuna mwali wala moshi mwingi, tenganisha betri. Vua pete na saa ya chuma kabla ya kugusa spana. Volti 12 hazitakupiga shoti kama stima ya nyumbani, lakini betri ya gari inaweza kutoa mkondo mkubwa kiasi cha kuifanya pete iwe nyekundu kama kaa la moto kwa nukta chache, ikiunganisha terminali na bodi ya gari. Majeraha ya namna hii huuzunguka mzizi wa kidole na huweza kumfanya mtu akipoteze. Anza na terminali ya hasi, ile inayokwenda kwenye bodi. Ukianza na chanya na spana ikagusa chuma cha gari, cheche zitaruka.

Nne, kama kuna moshi ndani ya sanduku la spika, usilifungue ili uchungulie. Hewa mpya huamsha moto uliokuwa umelala. Tumia kizima moto cha unga. Sheria inataka gari la abiria liwe nacho, na abiria ana haki ya kuuliza kiko wapi. Kama hakuna, mchanga mkavu husaidia moto mdogo. Mwali ukishashika viti, acha gari liungue. Gari hununuliwa tena. Piga simu 999 au 112.

Mchunguze mshukiwa mmoja mmoja

Baada ya gari kupoa, uchunguzi wa spika unafanana na ule tunaomfanyia mgonjwa. Uliza historia kwanza. Harufu ilianza lini? Je, ni baada ya fundi kuongeza spika ya pili, kubadilisha amplifaya au kuunganisha waya mpya? Kilichobadilishwa mwisho ndicho mshukiwa wa kwanza. Kisha pitia mambo haya ukiwa na fundi anayejua kazi.

Waya wa umeme. Amplifaya ya wati 500 kwenye betri ya volti 12 huvuta zaidi ya ampea 40. Ni mkondo mkubwa. Waya mwembamba utapata joto mpaka ganda lake liyeyuke. Upapase kwa nyuma ya mkono kutoka betri hadi amplifaya. Palipolainika, palipokwaruzwa au palipobadilika rangi ndipo pa kushuku. Tahadhari pia na nyaya za bei rahisi ambazo ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Zinaonekana nene, lakini haziwezi kubeba mkondo wa shaba halisi ya unene huo.

Tundu la ukuta wa injini. Mahali waya unapotoboa chuma kuingia ndani panahitaji kizibo cha mpira. Bila hicho, chuma husaga ganda la waya kila gari linapotetemeka, mpaka siku moja shaba iguse bodi.

Fyuzi. Kazi yake ni kuukinga waya. Inapaswa kukaa karibu na betri, si zaidi ya sentimita 45 hivi, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Fyuzi inayokatika kila mara inasema kuna ugonjwa. Kuibadilisha kwa kubwa zaidi, au kuweka kipande cha waya, msumari au ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, ni sawa na kumziba mgonjwa mdomo ili asilalamike.

Waya wa bodi, yaani wa hasi. Ukifungwa juu ya rangi au kutu, mkondo hupita kwa shida na kiungio hupata joto. Rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae, na nati ikazwe.

Amplifaya. Isifunikwe kwa zulia, nguo wala mifuko ya abiria, kwani inapoa kwa hewa. Ichunguzwe pia mzigo wake. Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba huwa omu 2, na amplifaya isiyotengenezwa kubeba hivyo itachemka hata kwa sauti ya wastani.

Koili yenyewe. Weka viganja viwili juu ya karatasi ya spika na uisukume polepole, sawasawa. Ikipanda na kushuka kimya, ni heri. Ikikwaruza, koili imepinda kwa joto. Kwa mita ya fundi, baada ya kuitenga na amplifaya, koili ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4 hivi. Ikisoma karibu sifuri, vanishi imeungua na mizunguko imegusana. Ikikosa kusoma kabisa, waya umekatika.

Wengi huamini kwamba spika huungua kwa sababu amplifaya ni kubwa mno. Mara nyingi amplifaya ndogo inayolazimishwa ndiyo inayoiunguza. Ikifikishwa mwisho wake, hukata vilele vya mawimbi ya sauti, mziki huanza kukwaruza, na koili hupokea umeme mfululizo bila mapumziko. Mziki unapoanza kukwaruza ndio wakati wa kushusha sauti. Usingoje harufu.

Jambo la mwisho kwa wenye mabasi madogo ya dizeli. Mengi yana betri mbili zinazotoa volti 24. Fundi mvivu huchukua umeme wa mziki kwenye betri moja tu. Betri hiyo hubaki na njaa, na mwenzake hulishwa kupita kiasi hadi ichemke na kunuka mayai mabovu. Dawa ni kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, chenye uwezo unaotosha mzigo wa mziki.

Moshi ule unafanya nini mwilini?

Ganda la nyaya nyingi ni plastiki ambayo ikiungua hutoa gesi ya asidi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa macho, koo na mapafu huwa asidi kamili. Macho huwasha, koo hukwaruza, kifua hubana. Mwenye pumu anaweza kushikwa papo hapo hata kwa moshi mdogo ambao jirani yake ameukohoa tu.

Kinachosahaulika ni kwamba mapafu huweza kuchelewa kulalamika. Mtu aliyevuta moshi mzito wa plastiki anaweza kujisikia nafuu jioni, kisha usiku akaanza kukosa pumzi kwa sababu maji yanakusanyika ndani ya mapafu. Kwa hivyo aliyeuvuta moshi ndani ya gari lililofungwa aangaliwe kwa saa 24, wala asilale peke yake usiku huo. Akianza kuhema haraka, kutoa mlio kifuani, kubadilika sauti, kukohoa makohozi meusi au midomo kugeuka rangi, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Gesi ya pili ni kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la makaa chumbani. Haina harufu wala rangi. Hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Wengi huzidhania kuwa malaria au njaa. Mjamzito awe macho zaidi, kwa kuwa damu ya mtoto tumboni huishika gesi hii kwa nguvu hata kuliko ya mama.

Hapa pana mtego hata kwa sisi wahudumu wa afya. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni hakiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na ile yenye kaboni monoksidi. Kinaweza kuonyesha namba nzuri huku mgonjwa akizidi kulemewa. Kwa hivyo ukifika kliniki, taja moshi waziwazi: ulikuwa wapi, gari lilikuwa limefungwa, ulikaa kwa muda gani. Maneno hayo yana uzito kuliko kifaa hicho. Dawa yake ni oksijeni safi ya hospitali. Kunywa maziwa, kama wengi wanavyoshauriana, hakuiondoi gesi hii kwenye damu.

Nitoe mfano. Makanga mmoja kijana alinijia akilalamikia kichwa kilichomwuma kila siku kuanzia saa nane mchana. Alikuwa amekwisha kumeza dawa za malaria na kununua miwani. Nilipomwuliza siku za mapumziko huwa vipi, alifikiri kidogo akasema siku hizo kichwa hakimwumi kabisa. Kumbe miezi michache awali gari lao lilikuwa limewekewa mziki mpya, na aliyeuweka alitoboa sakafu ya nyuma kupitisha nyaya, akaacha tundu wazi juu ya bomba la moshi lililokuwa likivuja. Bomba liliposhonwa na tundu kuzibwa, kichwa kilipona bila kidonge. Kichwa kinachouma kazini na kupona siku ya mapumziko, mara nyingi chanzo chake kiko kazini.

Ukiungua, maji kwanza

Aliyeungua kwa waya, spika au betri apozwe kwa maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Najua Kianda maji hununuliwa kwa mtungi. Mimina polepole kwa kikombe, kinga kwa beseni, na uyatumie tena yale yale kama hayajachafuka. Barafu haifai. Dawa ya meno, unga, ute wa yai, samli na majani ya chai navyo havifai. Hufungia joto ndani, huleta vijidudu, na hutupa sisi madaktari kazi ya kukwangua kabla ya kutibu. Vua pete na saa mapema, kabla ya kuvimba. Usipasue lengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Maji ya betri ni asidi. Ikimrukia mtu, hasa machoni, oshwa maji mengi mara moja, kwa dakika 20 au zaidi, kope zikiwa zimefunguliwa. Kisha hospitali, hata kama maumivu yametulia.

Jeraha la uso, mikono, viungo au sehemu za siri, lililo kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, jeupe lisilouma, au lolote la mtoto mdogo, lionwe na daktari siku hiyo hiyo. Hospitali ya Mbagathi haiko mbali na Kibera, na Hospitali Kuu ya Kenyatta ina kitengo cha majeraha ya moto.

Spika ikiingia nyumbani

Chumba cha mabati na udongo, chenye mlango mmoja na kitanda nyuma ya pazia, si mahali pa kufanyia majaribio ya umeme. Hata hivyo, wako vijana wanaoendesha spika za gari kwa kifaa cha umeme kilichotolewa kwenye kompyuta kuukuu, na hicho huunganishwa kwenye waya wa stima unaolisha nyumba kadhaa. Hapo hatari ni mbili, kwani juu ya joto la volti 12 kuna stima ya volti 240 inayoweza kuua kwa kugusa. Harufu ikizuka, chomoa kwenye soketi au zima swichi kuu. Usimwage maji kabla ya kukata stima. Usiiweke spika chini ya kitanda wala kando ya pazia. Usilale ikilia. Betri isichajiwe chumbani ambamo watu wamelala. Tena zungumzeni na majirani, maana mabati yameshikana, na moto wa chumba kimoja huwa wa safu nzima kabla maji hayajafika.

Na kama hakuna kinachoungua?

Mara chache huja mgonjwa anayesikia harufu ya kuungua mahali ambapo wenzake wote hawaisikii, hata waliotoka nje na kurudi. Gari limezimwa, betri imetenganishwa, bado inanuka. Huyu asichekwe wala asiambiwe amerogwa. Harufu ya namna hii huweza kuletwa na maradhi ya tundu za pua, kipandauso, au kupona vibaya kwa pua baada ya Korona. Ikija ghafla kwa nukta chache na kuondoka, hasa ikifuatwa na kuduwaa au kupoteza fahamu, yaweza kuwa aina ya kifafa. Hilo ni jambo la kumwona daktari. Lakini hakikisha kwanza hakuna moto.

Sikio nalo lina koili yake

Desibeli 85 huweza kuvumiliwa kazini kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda salama hupungua kwa nusu, hata desibeli 100 zikawa za dakika 15 tu. Makanga hukaa katika kelele ya mziki siku nzima, siku sita kwa wiki. Kinachoiunguza spika, yaani kuisukuma kupita uwezo wake, ndicho kinachoua vinyweleo vya ndani ya sikio. Tofauti ni kwamba koili iliyoungua fundi huizungusha upya, na kinyweleo cha sikio kikifa hakiotei tena. Mlio wa masikio unaobaki baada ya kushuka garini ndiyo ile harufu ya kuungua ya sikio.

Mwenye gari, weka fyuzi na waya unaostahili, na uzibe matundu. Gharama yake ni ndogo kuliko faida ya siku moja. Dereva, abiria akisema kunanuka, zima mziki kabla ya kubishana naye. Makanga, kichwa chako kikiuma kila siku, sema. Nawe abiria, usione haya kusimama ukadai kushuka. Unayo dakika chache tu kabla pua yako nayo haijanyamaza.